Kesi Iko Mahakamani, Katapila Liko Kazini

Wanaoishi jirani na migodi na visima vya Uganda wameshalizoea jibu moja kila wanapouliza: suala hilo liko mahakamani, hatuwezi kulizungumzia. Jibu hilo lina msingi wake, kwa kuwa hakuna anayetaka ofisa wa wizara amwingilie jaji kazi. Ila kesi inayomfunga ofisa mdomo haimfungi mkono. Anaweza kuongeza muda wa leseni, anaweza kukataa kuuongeza, na anaweza kukaa kimya huku leseni iliyokwisha ikiendelea kutumika kana kwamba ina uhai. Siku hukumu inaposomwa, kilichokuwa kinagombaniwa huenda kilishapakiwa kwenye malori zamani.

Msimamo wangu ni huu: kesi peke yake isiwe sababu ya kurefusha leseni ya kuchimba rasilimali, na isiwe sababu ya kuiua pia. Muda wa leseni uhesabiwe na sheria iliyoitoa. Kama kuna haja ya kuusimamisha au kuuongeza kwa ajili ya shauri, jaji aamue, hadharani, kwa amri yenye tarehe ya mwisho na masharti yanayosomeka. Jambo zito kiasi hiki halipaswi kumalizwa kwa barua ya ofisini wala kwa mapatano ya faragha hotelini.

Mahakama zetu zina desturi nzuri ya kutoa zuio la muda, ili mambo yabaki yalivyo hadi shauri lisikilizwe. Majirani wawili wakigombania shamba Mityana, amri hiyo inatosha kabisa. Kesi ikichukua miaka sita, shamba litakuwa palepale, na atakayeshinda atalikuta. Kwa mgodi unaofanya kazi, amri ileile ina maana nyingine. Mambo yakibaki yalivyo, uchimbaji unaendelea, na kila siku ya uchimbaji ni sehemu ya mali inayoondoka isirudi. Mshindi atakabidhiwa shimo na hati ya kudai fidia kwa kampuni ambayo pengine haina hata akaunti yenye pesa nchini.

Nenda Lwera ukaone. Kwenye barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, pale Ziwa Viktoria linapokaribia lami, utaona vilima vya mchanga mweupe vikingoja malori. Nyuma ya vilima hivyo kuna mashimo yaliyojaa maji, mapana kiasi kwamba mgeni hudhani ni sehemu ya ziwa. Pale palikuwa na kinamasi cha mafunjo. Kwa miaka mingi mchanga haukuhesabiwa kuwa madini, maana Katiba yenyewe, inapotaja madini kuwa mali inayoshikwa na serikali kwa niaba ya Jamhuri, inatoa nje udongo wa mfinyanzi, moramu, mchanga na mawe ya kujengea. Kwa hiyo vibali vilitoka kwa upande wa mazingira, na mabishano yakawa ya mazingira. Ni Septemba 2021 tu ndipo NEMA, mamlaka ya mazingira, ilipotangaza kusitisha vibali vya miradi ndani ya maeneo oevu, na ni sheria mpya ya madini ya 2022 iliyoingiza vifaa vya ujenzi kwenye usimamizi wake. Kinamasi kilichochotwa kabla ya hapo hakuna jaji anayeweza kuamuru kirudishwe.

Tuje kwenye muda wenyewe. Watunga sheria hawakuweka ukomo kwa kubahatisha. Chini ya Sheria ya Madini ya 2003, iliyotawala hadi ilipofutwa na ile ya 2022, leseni ya utafutaji ilikuwa ya miaka 3. Iliweza kuhuishwa mara 2, miaka 2 kila mara, na kila ilipohuishwa mwenye leseni alitakiwa kuachia nusu ya eneo. Jumla miaka 7, basi. Leseni ya uchimbaji mkubwa ilifika miaka 21, na nyongeza isiyozidi 15. Lengo la hesabu hiyo linaonekana wazi: mtu asikalie ardhi ya nchi akingoja bei ya dhahabu ipande au mnunuzi atokee Australia. Chimba, au uachie wengine.

Kesi inaweza kuibomoa hesabu hiyo yote bila kuigusa sheria. Mwenye leseni ambaye hana mtaji na hana mtambo anaweza kufungua shauri dhidi ya jirani, dhidi ya wilaya, dhidi ya wizara, kisha akasema hawezi kufanya kazi wala kuachia eneo hadi haki ipatikane. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la Mahakama Kuu siku ya kutajwa mashauri anajua mambo yanavyokwenda. Karani anaita namba. Wakili mmoja anasimama kusema mwenzake yuko Mahakama ya Rufani asubuhi hiyo, au hati ya kiapo bado haijajibiwa. Jaji anafungua shajara, anatafuta nafasi, anataja tarehe ya miezi kadhaa mbele. Faili linafungwa. Yote hayo ni dakika chache, na hakuna aliyedanganya wala kuvunja kanuni. Kwa kampuni isiyo na haraka, miezi hiyo ni nyongeza ya leseni ambayo haikuombwa, haikulipiwa na haikutangazwa.

Ningependa tuitazame Kilembe kwa karibu, maana inaonyesha kitu kinachosahaulika kwenye mijadala hii. Mgodi ule wa shaba, chini ya Milima ya Rwenzori, ulianza uzalishaji 1956 chini ya kampuni ya Kanada ya Falconbridge, kisha ukazimika katika machafuko ya miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Mwaka 2013 serikali ikaikabidhi kampuni ya Kichina ya Tibet Hima kwa mkataba wa miaka 25. Shaba haikutoka. Mwaka 2017 serikali ikauvunja mkataba ikisema mwekezaji hakutimiza masharti, mvutano ukafuata, na miaka ikapita tena bila hata tani moja kutolewa chini.

Watu huzungumzia Kilembe kama hadithi ya shaba iliyochelewa. Mimi nazungumzia mto. Nyamwamba unashuka kutoka mlimani, unapita katikati ya mgodi na makazi yake, unaingia mjini Kasese. Pembeni yake kumerundikwa mabaki ya miongo ya uzalishaji, udongo wenye shaba na kobalti. Mto ulifurika vibaya Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 ukaivamia hata hospitali ya Kilembe, na kila unapokula kingo unasomba sehemu ya marundo hayo kuelekea chini, kwenye mashamba na mabomba ya watu. Je, kazi ya kulinda kingo ni ya nani wakati mwenye mkataba na mwenye nchi hawaelewani? Leseni inapokuwa kwenye ugomvi, wajibu wake nao unakuwa kwenye ugomvi. Kila upande una hoja ya kutolipia chochote hadi hukumu itoke. Mwekezaji atasema amefukuzwa, serikali itasema mkataba ulimbebesha yeye, na maji hayangoji hoja za upande wowote.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaharakati wenzangu wanaotaka kanuni rahisi kwamba leseni yenye kesi ifutwe mara moja. Nawaelewa, na hasira yao ni yangu. Lakini leseni ikifutwa kienyeji inaacha marundo bila mwenyewe. Tena kuna hatari kubwa zaidi, na kwa hiyo lazima twende kwenye mafuta ya Ziwa Albert.

Julai 2010 kampuni ya Heritage iliuza hisa zake katika vitalu namba 1 na 3A kwa Tullow kwa dola bilioni 1.45. URA, mamlaka ya mapato, ikadai kodi ya faida ya mtaji ya zaidi ya dola milioni 404. Heritage ikakataa, ikalipa asilimia 30 ya dai, yaani kama dola milioni 121, kiasi ambacho sheria yetu ya rufani za kodi humtaka mlalamikaji akitoe kabla ya kusikilizwa. Sehemu kubwa ya zilizobaki ikawekwa kwenye akaunti ya amana London. Hadi hapo ni mgogoro wa kawaida wa kodi kati ya nchi na kampuni inayofungasha virago.

Kilichofuata si cha kawaida. Mwezi uliofuata, Agosti 2010, serikali ikasema haki ya eneo la Kingfisher, ndani ya kitalu 3A, imekwisha muda. Kingfisher ndiyo ile iliyo kwenye ufukwe wa Buhuka, ambako leo kampuni ya Kichina ya CNOOC inachimba. Tullow ilikuwa imenunua kitalu, ikajikuta inaambiwa sehemu yake yenye thamani imerudi serikalini, na mpango wake wa kuziuzia hisa Total na CNOOC hauendi mbele. Machi 2011 Tullow na serikali zikasaini makubaliano. Aprili Tullow ikailipa URA dola milioni 313 kwa niaba ya Heritage, kisha ikaenda London kuishtaki Heritage ili irudishiwe. Ikashinda 2013. Mauzo kwa Total na CNOOC, ya dola bilioni 2.9, yakakamilika Februari 2012, na leseni ya uzalishaji ya Kingfisher ikatolewa kwa CNOOC Septemba 2013.

Mganda mzalendo atasema: safi sana, pesa zetu zilipatikana. Na mimi nilifurahi kodi ilipolipwa, maana ilikuwa halali, na usuluhishi wa London pamoja na Baraza la Rufani za Kodi la hapa nyumbani vyote vilikuja kuipa Uganda haki. Lakini tazama chombo kilichotumika. Aliyekuwa na mgogoro ndiye aliyeshika kalamu ya kuhuisha leseni. Kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere, na safari hii ngedere alikuwa upande wetu. Chombo kilekile kinaweza kesho kutumiwa kumbana mwekezaji aliyekataa kutoa hongo, au kumwachia aliyekubali.

Miaka mitatu baadaye Tullow yenyewe ikawa kwenye mgogoro wa kodi kuhusu mauzo yake ya 2012. Julai 2014 Baraza likaamua inadaiwa dola milioni 407. Juni 2015 wakapatana kwa milioni 250. Agosti 2016 serikali ikatoa leseni 8 za uzalishaji, 5 kwa Tullow na 3 kwa Total. Sisemi kwamba leseni zilibadilishwa na punguzo hilo la kodi. Ninachosema ni kwamba mwananchi wa Buliisa, wilaya yenye visima hivyo, hana karatasi hata moja anayoweza kuisoma imthibitishie kuwa mambo hayo mawili yalijadiliwa katika vyumba tofauti. Mtu yuleyule anapodai kodi, anapopatana kuhusu kodi na anapotoa leseni, shaka haiondoki kwa kuambiwa tu usiwe na shaka.

Hadi hapa nimezungumzia wakubwa kwa wakubwa. Kampuni mbili zinazogombania leseni moja sitazikalia sana: zina mawakili, na mara nyingi jaji anaweza kuamuru mapato yawekwe amana hadi mshindi ajulikane. Linaloniuma ni upande wa tatu, wa wanakijiji, kwa sababu huko ndiko unakoona wazi kwamba muda hauhesabiwi kwa kipimo kimoja.

Machi 2014, wakazi wa Kabaale, Hoima, waliokataa fidia ndogo ya ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta, walifungua kesi Mahakama Kuu. Miaka mitano baadaye kesi hiyo ilikuwa bado haijaamuliwa, huku uwanja mpya wa ndege ukiwa tayari unajengwa kwenye ardhi ileile. Sasa linganisha. Tarehe 4 Desemba 2023 Mwanasheria Mkuu wa Serikali alizishtaki kaya 42 zilizoguswa na mradi wa mafuta wa Tilenga, akitaka aruhusiwe kuweka fidia mahakamani ili ardhi yao ichukuliwe. Tarehe 8 Desemba Mahakama Kuu ya Hoima ikaamua alivyoomba. Siku nne. Katiba, ibara ya 26, inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa, na kaya hizo zilikuwa zinabisha hasa kuhusu kiasi. Nani anaweza kupata wakili, kukusanya nyaraka za tathmini na kujibu hati ya kiapo kwa siku nne, akitokea kijiji ambako bodaboda ndiyo usafiri wa kufika barabara kubwa?

Afrika Mashariki nayo ina somo lake. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia yalikwenda Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kupinga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, yakaomba na zuio la muda. Wakati kesi inasubiri, mikataba iliyobaki ilisainiwa na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatangazwa Februari 2022. Novemba 2023 mahakama ikaitupa kesi bila kugusa hoja za mazingira. Ilisema walalamikaji walichelewa, kwa sababu mkataba wa Jumuiya unatoa miezi 2 tu ya kufungua shauri, na saa ilianza kuhesabiwa tangu Uganda na Tanzania ziliposaini makubaliano ya 2017. Kanuni ni kanuni, na majaji waliifuata. Lakini kama mwananchi anahesabiwa miezi 2 bila nyongeza hata ya siku, kwa nini mwenye leseni ahesabiwe kwa miaka, tena kwa huruma?

Na msitu wa Bugoma, ingawa pale walichotaka ni shamba la miwa na si mgodi, unafuata njia hiyohiyo. Ufalme wa Bunyoro ulikodisha hekta 5,779 kwa Hoima Sugar kwa miaka 99. Wakala wa misitu, NFA, ukasema ardhi hiyo ni hifadhi, ukashindwa Mahakama Kuu ya Masindi Aprili 2019, ukakata rufaa. Agosti 2020, rufaa ikiwa bado hai, NEMA ikatoa cheti cha mazingira. Miti ikaanza kuanguka. Mti wa miaka 200 ukishaanguka, rufaa inabaki kuwa mjadala wa kisheria kuhusu kisiki.

Wapo watakaosema kwamba ninaota, kwamba haiwezekani kutenganisha kesi na leseni. Inawezekana, na tumeiona hapa hapa Uganda mwaka 2025. Mkataba wa kampuni iitwayo Umeme wa kusambaza stima ulikuwa wa miaka 20. Serikali ilisema hautaongezwa, na haukuongezwa. Ulikwisha 31 Machi 2025, UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua kazi siku iliyofuata, serikali ikalipa dola milioni 118, na Umeme, ambayo inadai zaidi, ikapeleka madai yake kwenye usuluhishi London. Unaweza kulalamika kuhusu kukatika kwa stima baada ya hapo, na mimi nimelalamika. Lakini hoja ya kisheria inasimama: mkataba ulikufa kwa tarehe yake, ugomvi wa pesa ukaenda mahali pa pesa. Hakuna aliyesema nguzo zibaki mikononi mwa kampuni hadi wasuluhishi wamalize.

Kwa nini basi kwenye madini iwe vigumu? Hoja ninayoisikia mara kwa mara ni ya ajira. Mgodi ukisimama, vijana wanakaa bure, wenye vibanda vya chakula wanafunga, wilaya inakosa mrabaha, yaani mgawo wake wa mapato ya madini. Hiyo ni hoja ya kweli na aliyewahi kufika kwenye machimbo ya Busia au Karamoja hawezi kuidharau. Ila nakumbuka Agosti 2017, jeshi lilipowaondoa maelfu kwa maelfu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Mubende, kwa sababu eneo lilikuwa na mwenye leseni. Siku hizo ajira ya vijana haikutajwa kuwa sababu ya kusubiri. Walifungasha karai, sururu na pampu walizonunua kwa mkopo, wengine wakaziacha. Kama ajira ni hoja, basi iwe hoja kwa kila mtu.

Hoja nyingine ni ya usalama wa mgodi wenyewe. Hii naikubali yote. Mgodi wa chini ya ardhi usipovutwa maji utajaa, na kisima cha mafuta hakiachwi wazi kama kisima cha kijiji. Lakini kulinda mgodi si kuchimba mgodi. Jaji anaweza kuruhusu pampu, walinzi, wahandisi na ukarabati wa kingo, akazuia lori lenye mawe ya dhahabu lisitoke getini. Amri ya namna hiyo ni rahisi kuandika kuliko nyingi zinazoandikwa kila wiki.

Na kuna hali moja ambapo nyongeza ya muda ni haki tupu. Kama kampuni ilizuiwa kufanya kazi na amri ya mahakama, kisha ikashinda, miezi iliyopotea irudishwe, siku kwa siku. Vilevile kama serikali ndiyo iliyochelewesha, kwa mfano ilishindwa kulipa fidia kwa wakati na kampuni ikakaa na mitambo baridi. Kinachorudishwa hapo ni muda ulioibwa, na unahesabika. Ni tofauti kabisa na leseni iliyoendelea kuchimba kipindi chote cha kesi, halafu ikaomba tena muda kwa sababu ilikuwa na kesi.

Tunachohitaji kipo tayari kwenye sheria zetu, kimetawanyika tu. Ile asilimia 30 ya kodi ni kielelezo kizuri. Mahakama ya Juu imekwisha kukubali kwamba mlipakodi anayepinga dai aweke sehemu kwanza ndipo asikilizwe. Kwa nini mwenye leseni anayetaka kuendelea kuchimba huku anashtakiwa asiweke sehemu ya mapato kwenye akaunti ya mahakama, pamoja na dhamana ya kurekebisha mazingira? Akishinda anarudishiwa. Akishindwa, mwanakijiji hatahangaika kumtafuta kwenye anwani ya Dubai. Mrabaha uendelee kulipwa kila mwezi bila kisingizio, kwa sababu wilaya na mwenye ardhi si washtakiwa katika ugomvi wa wakubwa, na hawapaswi kushinda njaa kwa ajili yake.

Nataka pia, pale serikali yenyewe ni mhusika katika kesi, kalamu ya kuhuisha leseni iondolewe mikononi mwa wizara hadi shauri liishe. Jaji aamue, baada ya kuzisikia pande zote, wakiwemo wanaoishi juu ya ardhi hiyo. Najua wizara haitapenda. Waziri atasema ni mamlaka yake kisheria, na kwa siku za kawaida ni kweli. Siku anapokuwa mdai au mdaiwa dhidi ya mwombaji, si siku ya kawaida. Sheria ya 2022 inaweza kurekebishwa kuliweka hili, na wabunge wa kamati ya maliasili wana uwezo wa kulianzisha wakitaka.

Na lugha. Matangazo ya maombi ya leseni hubandikwa kwa Kiingereza cha kisheria kwenye ofisi za kaunti ndogo. Buhuka, kwenye mialo ya Ziwa Albert, Mgungu, Mwaluri, Mnyoro na Mkongomani wanaelewana kwa Kiswahili sokoni na ndani ya mtumbwi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya 2005. Mtu aliyepewa siku chache za kupinga nyongeza ya leseni, kwa karatasi asiyoielewa, amenyimwa siku zote.

Kitu kimoja kinaweza kuanza bila kungoja yeyote. Daftari la leseni za madini liko mtandaoni, na ramani yake inaonyesha mipaka ya eneo, jina la mwenye leseni na tarehe ya kuisha. Iongezwe safu moja pembeni ya kila leseni: ina kesi au haina, namba ya shauri, mahakama gani, amri gani imetolewa, tarehe inayofuata. Kazi hiyo haihitaji kura ya Bunge wala mkopo wa Benki ya Dunia. Inahitaji msajili wa mahakama na ofisa wa leseni pale Entebbe wapeane orodha kila mwezi, na yeyote aliyeko Kasese au Lwera mwenye simu aweze kuifungua.